Kisanduku Chini ya Miba

Bulla Iftin,
Garissa.
Ijumaa, 6 Februari 2026

Mpendwa dada yangu Ramla,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii inakukuta na afya njema, wewe na shemeji na wajukuu wote wanaokuvuruga hapo Mombasa. Na goti lako je? Uliniambia daktari amekukataza kupanda ngazi, nami kwa ninavyokujua nikasema utazipanda siku hiyo hiyo ili umwonyeshe kwamba bado unaweza. Tafadhali mwonee huruma huyo daktari.

Sisi huku miili ni mizima, alhamdulillahi. Shemeji yako Barre yuko Elwak na biashara yake ya mbuzi, na hatarudi mpaka Ramadhani ikaribie kabisa. Mama yangu Rukiyo, habaryar wako, mdogo wa mama yako, bado yuko Griftu na bado anakataa kuhamia kwangu. Anasema hawezi kukaa mji ambao watu wanakula samaki wa mto. Kiangazi kimekaza. Mvua ya mwisho ilikuwa ya kutuliza vumbi tu, na sasa vumbi limerudi na ndugu zake wote.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali chako, usinikasirikie, kimebaki cha salamu na kugombeza watoto. Na nakuandikia kwa kalamu, mimi ambaye sijaandika barua tangu tulipokuwa wote bwenini, kwa sababu simu nimeiogopa. Najua hapo utacheka. Usicheke, abaayo, dada yangu. Naogopa kweli kweli. Tangu Jumapili sili nikashiba wala silali nikapumzika, na mlango ukigongwa natafuta pa kushika.

Aliyekuletea barua hii ni binti yangu Filsan mwenyewe. Mkaribishe, mpe chai, halafu mwambie akaoge, na wewe uisome hadi mwisho ukiwa peke yako.

Unakumbuka nilikuambia kuhusu lile darasa la Jumamosi. Mwalimu Shuaib, anayefundisha fizikia, aliomba ukumbi akaanza kuwakusanya watoto wa sekondari wanaopenda sayansi. Hakuna malipo. Wanafungua redio mbovu, wanalehemu nyaya, wanatengeneza taa zinazojizima zenyewe kukipambazuka. Mwanzoni nilidhani Filsan amepata njia ya kukwepa kuosha vyombo. Kisha akanitengenezea kengele inayolia mlango wa friji ukiachwa wazi pale kibandani, maziwa yangu ya ngamia yakaacha kuharibika ovyo, na mimi nikanyamaza.

Mwalimu Shuaib ana sharti moja. Mtoto akimaliza mwaka kwake, likizo inayofuata anajitolea kwenda kufundisha wadogo mahali ambapo darasa kama hilo halipo. Wengine walikwenda Bute. Filsan alichagua Griftu kwa kuwa nyanya yake yuko huko, na Desemba nzima aliwafundisha watoto wa gredi ya sita katika chumba walichopewa na mwalimu mkuu. Nilijivuna, Ramla. Niliwachosha watu sokoni kwa habari za Filsan mpaka wakawa wakiniona nakuja wanajifanya wanaongea na simu.

Yeye na wale watoto walitengeneza kisanduku cha kupima maji ya silanga, lile bwawa la kuchimbwa lililo nje ya mji ambalo mifugo yote ya upande ule inalitegemea. Ndani yake kuna betri, nyaya, na simu ndogo iliyovuliwa ganda. Waya mrefu unatoka humo unaingia majini. Kila adhuhuri kinapima maji yamefika wapi, kisha kinatuma ujumbe kwenye simu ya Filsan. Yeye anawatumia watu wa Griftu, na wafugaji wakaanza kujua mapema silanga itawafikisha lini, wahame au wakae. Kila mtu alisema ni kazi nzuri, na ilikuwa kazi nzuri.

Ile simu iliyomo ndani inahitaji laini. Filsan ana miaka kumi na sita, hana kitambulisho. Laini imesajiliwa kwa jina langu.

Sasa nikuambie kosa lenyewe, maana nadhani ni sisi tu tungeweza kulifanya. Mwalimu Shuaib aliwaagiza wakiweke kisanduku juu ya mlingoti mrefu, pamoja na kibao cheupe chenye maandishi. Mama alipokiona kile kibao alicheka. Akasema mlingoti ngamia watajikunia mpaka uanguke, nyaya mbuzi watazitafuna, na betri wachungaji wataichukua waitie kwenye tochi. Wewe umezaliwa huko, unajua tunavyofanya. Kitu unachokiacha porini unakichimbia na kukifunika kwa matawi ya miba, ukirudi msimu mwingine unakikuta. Watoto wakamtii nyanya. Wakachimba kwenye tuta la barabara, kwa sababu hapo tu ndipo mtandao unaposhika, wakakizika kisanduku, wakakifunika kwa miba, wakaacha waya unateremka kwenda majini.

Hebu isome tena hiyo kwa macho ya askari. Kando ya barabara, udongo uliochimbwa, matawi yaliyopangwa juu yake, na waya unatoka chini. Huku kwetu mtoto ambaye hajajua kusoma anajua kwamba akiona kitu cha namna hiyo anarudi nyuma taratibu na kumwita mtu mzima. Hao hao wa gredi ya sita wamefundishwa hivyo tangu chekechea. Lakini huu ulikuwa waya wao, na chao hakikuwatisha.

Upepo wa mwezi uliopita ukaondoa sehemu ya miba. Jumapili mchungaji mmoja akauona waya, akakimbia kwa chifu. Saa chache baadaye sauti ya chifu, ambaye "pa" kwake ni "ba", ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Griftu: "Watu wa silanga, njia imefungwa. Kitu iko chini ya miba, iko na waya. Hakuna mtu abite hapo, hakuna ngamia abite, mbaka watu wa serikali waseme." Niliisikiliza nikiwa kibandani nampimia mtu maziwa. Kikombe kikafurika, maziwa yakamwagika mezani, na mteja akaniuliza kama naumwa.

Nilikuwa bado napangusa meza wakati simu ya Filsan, iliyokuwa ikichajiwa pale pale, ilipolia. Ilikuwa adhuhuri. Kisanduku kilikuwa kinatuarifu maji yamefika wapi.

Tangu siku hiyo inalia kila adhuhuri. Barabara imefungwa, askari wamepazunguka kwa mbali, ngamia wamerudishwa na kiu yao, na chenyewe kinaendelea kunisalimia. Nimeizungushia simu shuka mbili nikaifungia sandukuni chini ya nguo za Idi, na bado naisikia. Kuizima pia naogopa, isije ikaonekana nimeficha jambo. Wataalamu wa mabomu wakikifukua watakuta laini, na laini itawatajia Lul wa Garissa.

Jumatatu wakamchukua Kadar. Kadar ni mwana wa Fatumo, jirani wa karibu wa mama pale Griftu. Ni kijana mpole wa ngamia, asiye na maneno mengi, na kosa lake ni kupiga kambi karibu na lile tuta. Watu wanasema anahojiwa tu. Hilo neno "tu" sitaki kulisikia.

Jumanne Fatumo akanipigia akilia. Akaniomba nimwombee mwanawe arudi salama. Nami, Ramla, nikasema amin. Kisanduku ni chetu, laini ni yangu, na nikaitikia dua yake kwa upole kama mtu ambaye jambo limetokea mbali naye. Nilipokata simu nilijitazama kwenye kioo cha friji nikageuka upande mwingine.

Mama naye ananipigia kila jioni na kuzungumza kwa mafumbo, kwa kuwa nilimwambia simu si salama. Ananiuliza hali ya mbuzi wa Filsan aliyelala chini ya miba. Mwanamke ambaye hajawahi kuficha jambo maishani mwake, sasa anaficha kwa sauti ya kusikika Griftu nzima. Anataka kwenda mwenyewe kwa chifu aseme yote. Nimemsihi anyamaze. Nimemsihi Filsan pia anyamaze, hata kwa Mwalimu Shuaib, ambaye anaamini kisanduku chake kiko juu ya mlingoti na kwa hiyo hajaunganisha mambo. Barre sijamwambia. Atadandia gari la kwanza kutoka Elwak, na njia ile nayo naiogopa.

Filsan hataki kunyamaza. Juzi aliniambia, amenipa mgongo anaosha vikombe: "Hooyo, Kadar hajafanya kitu. Niende niseme, ni dakika tu." Nikamwambia dakika hiyo inaweza kula miaka yake yote ya shule. Akaendelea kusugua kikombe kimoja mpaka nikadhani atakitoboa.

Kwa hiyo nakuomba jambo ambalo sijawahi kukuomba. Kesho alfajiri Aweys, mume wa mdogo wangu Sadia, anapeleka mzigo wa ngozi Mombasa, na Filsan atapanda lori lake. Mpokee. Waambie watu amekuja kupumzika baada ya homa. Ukae naye mpaka mambo yatulie. Asiende shule kwa sasa, asipige simu kwa wenzake wa darasa la Jumamosi, na asishike waya wowote. Hata taa ya nyumbani kwako ikiharibika, mwite fundi.

Najua utaniuliza, na Kadar je? Nimejiuliza hilo mpaka nimechoka. Jibu langu ni kwamba Kadar ana mama yake wa kumlilia, na Filsan ana mimi. Ni jibu baya. Ndilo nililo nalo leo.

Naikunja hapa. Filsan anarudi kutoka shule na sitaki anikute na macho haya.

Jumatano, 11 Februari

Ramla, nimeikunjua tena. Huko juu nimesema barua imeletwa na Filsan. Usimtafute mlangoni, hayupo. Safari hii Aweys amekuletea peke yake, na nitakueleza kwa nini.

Jumamosi alfajiri tulikuwa kwenye maegesho ya malori. Begi la Filsan lilikuwa limeshawekwa nyuma ya kiti, naye ameshapanda na kufunga mlango. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama mbele tu, kule ambako taa za lori zilikuwa zinamulika ukuta. Nilikuwa nampa barua hii dirishani simu yangu ilipoita, nikaona ni Fatumo.

Kadar ameletwa Garissa kuhojiwa, na Fatumo hana mtu mwingine mjini. Akaniomba nimpelekee mwanawe kifungua kinywa. Desturi yetu unaijua. Mtu wa kwenu akilazwa au akishikwa, yeyote wenu aliye mjini ndiye anayebeba chai na anjera, hata kama hamjasemezana mwaka mzima. Hilo hukatai. Nikamwambia nitakwenda, na sauti niliyomjibia nayo sikuijua ni ya nani.

Simu yangu ukiongea nayo mtaa mzima unasikia. Filsan akafungua mlango wa lori, akashuka, akalivuta begi lake. "Twende tukapike, Hooyo," akasema. "Atakuwa na njaa." Aweys akawasha gari, akazima, akaniangalia, akawasha tena. Kisha akaondoka bila yeye.

Tulipika. Anjera za kwanza niliziunguza, za pili nikasahau kuzitia chumvi. Nilijua anakwenda kufanya nini, naye alijua kwamba najua. Nilipomaliza kufunga chakula nilikwenda sandukuni, nikaitoa ile simu chini ya nguo za Idi pamoja na shuka zake, nikaitia kikapuni kando ya chupa ya chai. Sijui nani alinituma. Ningekuwa na akili yangu ya kawaida ningeitupa mtoni.

Pale kituoni afisa wa mezani akauliza tumekuja kwa nani. Nikasema Kadar. Akauliza mimi ni nani wake. Kabla sijafungua mdomo Filsan akasema, kwa sauti ile ile anayoniambia nayo kwamba sukari imekwisha: "Ile kisanduku ya Griftu ni yangu. Kadar hajui kitu." Afisa akatabasamu kidogo, akamtazama na hijabu yake ya shule. Halafu tabasamu likamtoka, akasimama.

Wakatutenganisha. Mimi niliwekwa kwenye benchi, chai ya Kadar mapajani. Afisa mmoja wa kike akaja na namba aliyoiandika kiganjani, akanisomea. "Mama, hii laini ni yako?" Nikamwambia imesajiliwa kwa jina langu. "Nimeuliza, ni yako ama si yako?" Nikasema ni yangu. Katika neno hilo niliona kibanda kinaondoka, nyumba inaondoka, Barre anashuka garini na kuambiwa mkewe na bintiye wako wapi.

Wakamwita Mwalimu Shuaib. Maskini ya Mungu, kwa nia njema kabisa, ili awaonyeshe jinsi kinavyofanya kazi, akaja na kisanduku pacha wa kile cha Griftu. Alikitia kwenye mfuko wa sokoni, nyaya zinaning'inia nje. Alipovuka lango askari mmoja akapiga ukelele, na sote tukatolewa nje mbio, mimi na chai yangu. Mwalimu wa fizikia akalazwa kifudifudi uani na shati lake jeupe la Jumamosi. Siku moja nitacheka. Siku hiyo nilikaa chini kwenye kokoto.

Walipomwinua na kuhakikisha mfuko wake hauna ubaya, Filsan akaomba aseme jambo moja. Akawaambia kwamba ikifika adhuhuri kisanduku kitatuma ujumbe, kitasema maji ni kiasi gani na betri ni kiasi gani, basi. Wenzao walioko Griftu wanaweza kutazama kwa darubini maji yamefika wapi kwenye nguzo yenye alama za sentimita waliyoisimika silangani, bila kukisogelea, kisha walinganishe. Afisa mkubwa akatazama saa ya ukutani. Akakubali. Simu ikawekwa mezani juu ya shuka yangu.

Nimewahi kuogopa maishani, Ramla. Niliogopa nilipokuwa namzaa huyu huyu Filsan, na niliogopa mwaka ule tulipokimbia mafuriko na watoto mgongoni. Lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoiogopa ile meza. Isipolia, mwanangu ni mwongo. Ikilia, mwanangu ndiye aliyezika kitu chenye simu kando ya barabara. Sikujua niombe lipi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu dua ilinikatika katikati.

Adhana ikaisha. Simu haikulia. Afisa akatazama saa yake, kisha akamtazama Filsan. Filsan akasema mtandao wa Griftu huwa unachelewa. Hakuna aliyecheka. Feni ilikuwa inazunguka juu yetu na mtu akakohoa koridoni. Kisha ikalia.

Afisa akasoma kwa sauti. Maji sentimita arobaini na moja, betri nusu. Akapiga simu Griftu, akauliza, akasikiliza, akaitaja tena ile arobaini na moja. Akaweka simu chini. Halafu akamwuliza Filsan, taratibu sana: "Na kwa nini mlificha chini ya miba?"

"Hatukuficha," Filsan akasema. "Tulikinga tu mbuzi wasile waya."

Afisa akajipangusa uso kwa mikono yote miwili. Yeye si mtu wa huku, lakini amekaa huku kiasi cha kujua mbuzi wetu. Akaagiza Kadar apelekewe chai, na chai ilikuwa imeshapoa.

Usidhani yaliishia hapo. Tuliruhusiwa kurudi nyumbani alasiri na simu yetu, tukaambiwa tusitoke mjini, na usiku ule kila gari lililopita nililifuata kwa masikio mpaka lilipopotea. Kadar aliachiliwa Jumapili. Alipita kwangu kabla ya kwenda kutafuta gari la Griftu. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu alfajiri, badala yake nikamwekea anjera. Alikula, akanywa chai, mimi hakuniangalia sana. Alipoinuka akamwambia Filsan: mara nyingine uniambie mimi, niko pale na ngamia kila siku, nitakilinda. Nikaingia jikoni nikalilia kitambaa cha vyombo.

Fatumo amenishukuru kwa kile kifungua kinywa mpaka nikaona haya. Ile amin yangu bado sijamweleza. Jambo hilo si la simu. Nitakwenda Griftu nimwambie uso kwa uso, na naiogopa safari hiyo kuliko benchi la kituoni.

Jumatatu walikilipua kisanduku. Wanasema ndiyo kanuni yao, kitu kilichozikwa hakifunguliwi kwa mikono hata mwenyewe akija na kuapa. Siwalaumu, hata mimi nisingekigusa. Mama anasema mshindo ulitikisa mabati, na watoto wa gredi ya sita walitoka wakasimama uwanjani, wengine wakalia. Filsan alipopata habari alikuwa anamenya vitunguu, akasema ni vitunguu. Mchana ule barabara ikafunguliwa na ngamia wakateremka majini.

Jana adhuhuri nilikuwa kibandani. Adhana ikaisha, nami nikajikuta nimesimama na kikombe mkononi, simimini maziwa, nasubiri simu ilie. Haikulia. Ule mlio niliouombea kwa Mungu ukome, umekoma, na sasa sijui maji ya Griftu yamefika wapi. Hakuna anayejua. Wafugaji wawili wamempigia Filsan kumwuliza wahame au wakae.

Baadhi ya wazazi wamewatoa watoto wao kwa Mwalimu Shuaib. Nawaelewa, Ramla, wiki iliyopita ningekuwa wa kwanza. Ila afisa mkubwa amesema wakitaka kuweka kingine waende kwanza kwake na kwa chifu, kiwekwe juu ya mlingoti na kibao, na watu watangaziwe msikitini ni cha nani na ni cha nini. Mama amekubali mlingoti. Anasema tu kwamba chini yake pawekwe miba kidogo. Sote tumempigia kelele.

Na jana jioni Filsan alikuja akasimama mbele yangu na kuishikanisha mikono yake, kama afanyavyo akitaka kitu kikubwa. "Hooyo, naomba kitambulisho. Kisanduku kipya kinataka laini."

Nilikitoa nikakaa nacho. Usidhani nimepona woga. Gari likisimama nje nachungulia dirishani, na namba nisiyoijua ikipiga naiacha iite mpaka ichoke. Nilitaka kumwambia asajili kwa jina la Shuaib, la chifu, la mtu yeyote mwenye moyo mgumu kuliko wangu. Kisha nikamkumbuka Kadar akikaa ndani siku zile zote kwa ajili ya kitu ambacho mwenyewe hakutaja jina lake. Nikampa. Sikukiachia mara moja, naye akaushika mkono wangu pamoja na kitambulisho mpaka nikaachia, ndipo akakichukua.

Nisalimie shemeji, na wajukuu mmoja mmoja, na mwambie yule mdogo kwamba meno yake yataota. Mama anakusalimu na anauliza kama na wewe umeanza kula samaki. Barre nimemweleza yote jana. Akauliza kama betri ya kisanduku kipya itakuwa nzuri zaidi. Begi la Filsan bado liko mlangoni, hajalifungua. Likizo ya Aprili huenda akaja nalo kwako kwa heri, na akija, zifiche redio zako mbovu kama hutaki zifunguliwe.

Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya paa lako, aliponye goti lako, na atufikishe Ramadhani tukiwa hai na tukiwa wakweli. Niombee. Na ukiniombea, Ramla, mwombee na Kadar.

Wako akupendaye, ambaye laini ya kisanduku kipya imesajiliwa leo asubuhi kwa jina lake,

Lul